Supachaja ya Gari la Afande

Baba yangu alipostaafu jeshini alinunua gari kabla ya shamba, na mama hakulisahau jambo hilo hata siku moja. Lilikuwa gari dogo la saluni, jeupe, la Kifaransa la miaka ya sabini, boneti ndefu, taa za mbele zimeinama pembeni kama macho ya mtu anayeanza kusinzia. Alilipata Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, kwa mfanyabiashara wa kahawa, Mkongo wa Butembo, na kwa kuwa lilivuka kutoka Kongo, usukani wake ulikuwa kushoto. Kasese nzima walilitambua kwa hilo. Ukipishana nalo ulimwona baba upande ambao hukumtarajia, sweta lake la kahawia mwilini hata wakati jua linapasua mawe, na upande wa kulia tumekaa mimi au mama. Yeye mwenyewe hakuwahi kukaa kulia. Alisema anayekaa upande ule ni mzigo tu, sawa na gunia.

Aibu ya gari lile ilikuwa mlima wa Kichwamba. Huku kwetu bondeni, kutoka Hima mpaka Kikorongo, lilikimbia vizuri. Lakini tulipokwenda upande wa Mbarara, pale barabara inapoanza kuukwea ukuta wa bonde, lilishuka gia moja, halafu nyingine, mpaka malori ya saruji yakatupita, madereva wakituchungulia kwa huruma. Baba alipigapiga dashibodi na kusema, "Pumzi hana, maskini. Pumzi hana." Mimi nyuma nilivuta hewa kwa nguvu, nikidhani ninasaidia.

Baba alikufa kwa kifua. Aliyewahi kukaa kando ya kitanda cha mtu anayetafuta hewa hahitaji kuelezwa, na asiyewahi, Mungu amwepushie. Tulimzika kwao West Nile. Mama akarudi Teso kwa ndugu zake. Gari likabaki nyuma ya nyumba yangu Kasese, chini ya kibanda cha mabati.

Nina duka la vipuri mjini. Nililelewa kambini, ambako baba na mama, kila mmoja na lugha yake, walikutana katika Kiswahili kile kifupi cha jeshi, na nadhani ndiyo sababu mpaka leo wateja huniambia nauza kama ninayetoa amri. Siku moja, katika mzigo wa vipuri vilivyotumika kutoka Kampala, nilikuta kitu ambacho sikukiagiza. Ilikuwa supachaja, iliyofunguliwa kwenye gari la Kijerumani lililogongwa. Kwa asiyeijua, ni pampu ya hewa. Mkanda wa injini unaizungusha, nayo inaisukumia injini hewa zaidi ya ile ambayo injini ingeivuta yenyewe. Hewa ikizidi unaongeza mafuta, na nguvu zinapanda. Niliipakata pajani, nzito kama mtoto aliyelala, nikazungusha puli yake kwa kidole. Hewa baridi ikanigusa kifundo cha mkono. Dukani kulikuwa na joto la saa saba mchana, na kile chuma kilikuwa kimeshinda juani kwenye lori, lakini hewa iliyotoka ilikuwa baridi. Nikaizungusha tena. Ilipofika jioni nilikuwa nimeshaamua.

Si kwamba nilikuwa mjinga wa mambo hayo. Kila mwezi nawauzia vipuri watu walioanzia mwisho: kijana ananunua nguvu, anasahau breki, na baada ya wiki mbili gari linarudi limevutwa kwa kamba. Kwa hiyo nilipanga. Kwa kazi hiyo nilimchagua fundi mmoja wa Bwera, Mkongo aliyekimbia vita vya Beni, mwenye gereji kwenye barabara inayoshuka mpakani. Alisomea ufundi kwa mapadre, na rozari yake ilining'inia kwenye jiriwa, ikigusana na chuma siku nzima. Tuliandika bajeti kwa chaki kwenye mlango wa bati wa gereji yake. Kwanza breki. Kisha rejeta kubwa zaidi, maana injini inayopewa hewa nyingi huchemka upesi. Kisha pampu ya mafuta, na sanduku la kuifunga kabureta ili hewa isitoroke. Kisha gasketi nene ya silinda hedi, kupunguza mgandamizo, la sivyo pistoni zingetoboka. Supachaja yenyewe na vyuma vya kuishikilia ilikuja chini kabisa, na fungu lake lilikuwa dogo kuliko yote. Chini yake nikaongeza mstari mmoja zaidi.

"Na hii ni ya nini, mama?" fundi akauliza.

"Ya tusilolijua."

Akacheka, akachukua chaki mkononi mwangu, akaandika upya mstari ule kwa herufi kubwa. "Hiyo ndiyo inakulaka watu," akasema.

Injini iliondolewa Kasese na kupelekwa Bwera kwa pikapu. Mwili wa gari ukabaki kibandani kwangu, umewekwa juu ya mawe, hauna magurudumu mawili ya mbele, na pale injini ilipokuwa kuna shimo jeusi. Kuku wangu mmoja akaona pale panafaa kutaga.

Siku ya kuipima injini nilikuwepo. Fundi alisukuma hewa kwenye silinda moja baada ya nyingine huku ameweka sikio, akitafuta inakovuja. Silinda tatu zilipiga mluzi kidogo tu, kama ilivyo kawaida ya mashine ya umri ule. Ya nne haikupiga mluzi. Ilikohoa. Sijui niseme vipi vingine. Ilikuwa sauti fupi, ya chini, ya mtu aliye chumba cha pili ambaye hataki kukuamsha. Fundi alifunga hewa, na sauti ikaendelea kidogo, kisha ikakoma. Akaosha bloku kwa mafuta ya taa, akaifuta, akaipaka unga wa chaki, na polepole mstari mweusi ukajichora wenyewe kwenye weupe, kutoka juu mpaka karibu na chini.

"Ufa," nikasema.

"Hii bloku ilikufaka zamani, mama." Akajifanyia ishara ya msalaba, mkono ukiwa na grisi. "Miaka mingi. Sijue namna gani ilikuwa inatembea."

Bajeti yangu ikafia hapo. Ningeweza kutafuta bloku nyingine Kampala, lakini ile mashine haipatikani tena. Zilizobaki ziko kwenye vichaka, zimeota majani. Nilimwambia fundi asimamishe kila kitu, nikapanda teksi ya kurudi nyumbani.

Pale Kikorongo, kwenye njia panda, teksi ilisimama kupakia. Kuna mama mmoja anayeuza samaki wa ziwani Kasenyi hapo, ngege, yaani sato, wa kukaanga, ambaye baba alikuwa mteja wake. Alinijua. Alikuja dirishani na beseni lake, uso umekunjwa kwa lawama.

"Madamu, kwa nini siku hizi mnapita tu? Juzi gari yenu ilisimama hapa, lakini mzee alikataa kununua. Nilimsalimia, akaangalia mimi tu."

"Mzee gani?"

"Mzee yako! Wa sweta." Akapiga bega lake la kulia. "Alikuwa anakaa huku. Ile mzee mwingine ndiyo anaendesha."

Nilinunua samaki wawili kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Sikumwambia kwamba baba alikuwa amekufa. Nilijiambia amechanganya gari, ingawa sikujua gari jingine la kulichanganya na lile. Kilichonisumbua barabara nzima ni bega lake la kulia. Mtu anayetunga habari angemweka baba kwenye usukani, kushoto, alikozoeleka.

Nilipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja kibandani. Vumbi kwenye kioo lilikuwa zima. Kuku alikuwa shimoni amelalia mayai, akanitazama kwa jicho moja. Nikaweka mkono kwenye kiti cha kulia, sijui kwa nini. Kilikuwa cha moto, lakini bati lilikuwa la moto pia.

Wiki iliyofuata alikuja dukani polisi mmoja aliyekuwa jeshini pamoja na baba kabla ya kuhamia trafiki. Alikuwa kwenye lori lililobeba jeneza mpaka West Nile. Alinunua balbu ya pikipiki, akasimama akiigeuzageuza.

"Mtoto yangu, nani anaendesha gari ya afande?"

"Hakuna, afande. Haina injini."

"Ilipita pale kwetu kizuizini, siku ya soko ya Bwera. Mimi nilipiga saluti." Akainua mkono, akausimamisha karibu na kofia. "Mkono imefika hapa, ndiyo nikakumbuka tulimzika."

"Ulimwona nani ndani?"

"Niliona gari," akasema, na akaondoka bila chenji yake.

Siku ya soko iliyofuata nilifunga duka nikaenda kusubiri Kikorongo. Nilikaa kwenye kibanda cha soda mkabala na njia panda, mgongo ukutani. Ilikuwa mchana mweupe, upepo umesimama, joto likitetemeka juu ya lami kiasi kwamba magari yaliyotoka upande wa Bwera yalionekana kwanza kama maji, kisha kama magari. Ndivyo lilivyokuja. Boneti ndefu, taa zilizoinama, jeupe. Lilikuja taratibu mno, likasimama kando ya njia panda na kuunguruma palepale. Jua lilipiga kioo cha mbele, sikuona aliye ndani. Kisha likageuza, kwa upana na polepole, likarudi lilikotoka, na hapo ndipo nilipoita boda.

Tulilifuata mpaka Bwera. Kijana wa boda aliniuliza kama tunayemfuata ni mume wangu. Liliingia uani kwa nyumba moja iliyo karibu na barabara ya mpakani, nami nikashukia kwenye uzio wa minyaa.

Mlango wa kushoto ukafunguka, akatoka mzee mwembamba, kofia ya ukindu kichwani. Alizunguka mbele ya gari, mkono ukipapasa boneti. Akafungua mlango wa kulia. Akasimama ameushikilia, kichwa ameinamisha kidogo, kwa muda wa kutosha mtu mwenye magoti mabaya kushuka. Kisha akaufunga kwa upole. Hakuna aliyeshuka.

Nilikuwa bado nimesimama pale uziani wakati mwanamke wa rika langu alipotoka nyumbani akikimbilia ufunguo mkononi mwa mzee. Aliponiona akadhani nimekuja kushtaki. "Alikugongea kitu, dada?"

Nilimweleza mimi ni nani. Mzee aligeuka, akanitazama kwa muda mrefu, uso wake ukafunguka. "Mutoto ya afande," akasema. "Umekomaa."

Alikuwa yuleyule mfanyabiashara wa kahawa. Binti yake alinieleza mengine tukiwa tumekaa kwenye magunia ya mchele anaouza, mzee amelala ndani. Zamani, biashara ilipokuwa nzuri, baba yake alinunua magari mawili kwa mara moja, yanayofanana hata kwa rangi ya viti. Moja akamuuzia baba yangu, jingine likabaki Beni, alikokuwa akikaa. Vita vilipozidi wakavuka nalo, wamepakia vyombo mpaka juu. Marafiki wale wawili walikuwa wakikutana Kikorongo siku za soko, mimi nikiwa dukani. Mmoja anaacha gari lake kivulini, wanapanda moja na kutembea ovyo, wakizungumza. Miaka hii akili ya mzee ilikuwa imeanza kumtoka. Jina la mjukuu hakulikumbuka, lakini siku ya soko hakuikosa.

"Anasema anaenda kumuchukua rafiki yake. Nikificha ufunguo, analia. Nafanya namna gani, dada?"

"Anakwenda na nani?"

"Peke yake. Kila mara peke yake."

Basi, gari lilikuwa na maelezo. Nusura nicheke. Kisha nikakumbuka bega la kulia la mama wa samaki, ule mkono wa polisi uliosimama karibu na kofia, na kicheko hakikuja.

Ni binti yake aliyeleta habari ya injini. Alikuwa amesikia kwa fundi, maana Bwera si kubwa, kwamba nilikuwa natafuta bloku ya aina ile. Nichukue ya mzee, akasema, kwa bei yoyote ya haki. Gari likikosa injini, baba yake hatakufa barabarani wala kuua mtu. Lilikuwa jambo la busara kwa kila upande. Lile fungu la tusilolijua lingetosha kabisa. Lakini sikuweza kusema ndiyo papo hapo, nikatafuta sababu ya kitaalamu: nilitaka kuisikia injini ikiwa na mzigo, barabarani, kabla ya kulipa.

Kwa hiyo siku ya soko nyingine nilipanda na mzee. Nilikwenda kufungua mlango wa mbele, akanizuia.

"Apana, mutoto. Pale iko mutu. Weye ingia nyuma."

Niliingia nyuma. Kama mnunuzi, niliisikiliza injini, na ilikuwa nzuri: mnyororo haukugonga, moshi haukuwa wa buluu, na tulipopanda vilima vya kutoka Bwera haikuchoka. Kama binti, nilisikiliza mengine. Mzee alizungumza njia nzima. Alizungumzia bei ya kahawa, padre mmoja aliyependa pombe, mvua. Aliuliza swali, akanyamaza, akasikiliza, akajibu jibu ambalo mimi sikulisikia. Mara moja alicheka mpaka akapiga usukani. Kiti cha kulia kilikuwa mbele ya magoti yangu. Kitambaa chake kilibonyea katikati, na nilijiambia viti vya umri ule vyote vimebonyea. Hewa ndani ilinuka petroli, na chini ya petroli kulikuwa na harufu ya sufu iliyolowa jasho. Nilifungua dirisha.

Kikorongo, mama wa samaki aliliona gari tangu mbali. Alikuja na beseni, akapita dirisha la mzee, akainama kwenye dirisha la mbele kulia.

"Mzee, habari ya siku mingi? Leo utakula?"

Alisubiri, tabasamu usoni, jicho limetulia mahali ambapo uso wa mtu ungekuwa. Kisha akanywea kidogo, akaniona mimi nyuma.

"Ah, madamu! Leo umekuja na yeye. Lakini mwambie basi aongee na watu."

Nilitoa pesa bila kuzihesabu. Alimpa mzee aliyeshika usukani samaki kwenye gazeti, akamwaga chumvi, akaondoka. Niliinama mbele nikatazama kiti. Hakuna kitu. Kitambaa, jua, na uzi mmoja uliokatika.

Tulipokuwa tunarudi, lori la saruji lilikuwa linakuja mbele yetu, mbali bado. Mzee aliachia usukani. Aliachia kwa mikono yote miwili, akamega samaki, akatoa miiba kwa makini, akageukia kulia na kunyoosha mkono. "Kula," akasema. Gari likaanza kuvuka katikati ya barabara. Honi ya lori ilijaa masikioni mwangu. Nilijirusha kati ya viti, nikaukamata usukani na kuuvuta kwa uzito wangu wote, na lori likapita kwa upepo ulioutikisa mwili wote wa gari. Tulisimama majanini, injini imezimika, samaki wametapakaa.

Mzee hakunitazama. Alikuwa ameshika ukingo wa kiti cha kulia. "Umeumia?" akakiuliza. Akasikiliza. Kisha akanigeukia, macho yake yametulia kabisa.

"Anasema tusimwambie mama yako."

Nilishuka nikazunguka mpaka mlango wa dereva. Baba alikuwa akisema vile kila gari liliposerereka, kila tulipokwepa ng'ombe, tangu nikiwa mdogo. Yawezekana mzee aliyasikia maneno yale kwake, walitembea pamoja miaka. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Mama sijamwambia mpaka leo.

Niliendesha mimi kurudi Bwera, mzee akiwa nyuma, na sikugeuza kichwa kuelekea kulia hata kwenye kona.

Injini ilitolewa wiki ileile. Fundi alileta winchi yake uani kwa mzee, akajifanyia ishara ya msalaba kabla ya kugusa boliti ya kwanza. Mzee alikaa kwenye kiti cha plastiki akitazama. Hakulia, kinyume na binti yake alivyoogopa. Lakini injini ilipoinuka hewani, ikidondosha mafuta, aliniita kwa kidole.

"Sasa yeye atakuja na nini?"

Binti yake aligeuza uso. Mwishowe nikasema, "Papa, nitakuwa nakuja mimi."

Alifikiri. "Siku ya soko?"

"Siku ya soko."

Kazi iliyobaki ilikwenda kama ilivyopangwa, jambo ambalo katika biashara yetu huwatia watu wasiwasi. Breki zilifungwa kwanza, na rejeta, na pampu. Gasketi nene ilikaa bila kulalamika. Fundi alichonga vyuma vya kuishikilia supachaja kutoka kwenye fremu ya trekta, na tukakubaliana kuanza na presha ndogo, tuone injini inasemaje kabla ya kuidai zaidi. Tulipoliwasha kwa mara ya kwanza kibandani kwangu, kuku alihama siku hiyohiyo. Supachaja ilianza kuimba chini, karibu usiisikie, kisha sauti ikapanda pamoja na mafuta, nyembamba, ya kuvuta, na mbwa wa jirani wote walinyamaza. Fundi alizima. "Iko muzuri," akasema, lakini aliipunguzia hewa kidogo bila kuniuliza, nami sikumkataza.

Siku ya kulijaribu mlimani nilikwenda na fundi, yeye kulia, mimi kwenye usukani. Mama wa samaki alitusimamisha Kikorongo. Alichungulia upande wa kulia, akamwona fundi, akarudi kwangu.

"Mzee hakuja leo?"

Nilizima injini. Niliona kwamba nikimdanganya mara hii nitamdanganya miaka yote. "Mama, mzee alifariki."

"Pole! Lini?"

"Zamani. Kabla ya mvua zile mbili zilizopita."

Alimtazama fundi, akaitazama ile sehemu ya dirisha alikozoea kuinama. Akalifunika beseni kwa kitambaa, taratibu, akaenda kwenye dumu la maji akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Tangu siku hiyo hunipungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara, na samaki ananitumia kwa mtu mwingine.

Kichwamba tulikipanda kwa gia ya tatu. Mshale wa joto ulisimama mahali pake, supachaja ikaimba juu ya masikio yetu, na malori tuliyapita moja, jingine, na jingine. Fundi alikuwa akicheka na kupiga goti. Mimi niliogopa. Gari lilikuwa linanivuta, si mimi ninayeliendesha, na nilipoinua mguu kwenye mafuta lilichelewa kidogo kutii, muda wa mtu kuamua. Juu kabisa tulisimama tukafungua boneti. Hakuna kilichovuja. Fundi akasema ni mkanda, unahitaji kukazwa, ndiyo unaochelewesha. Aliukaza, na tulipoteremka tatizo halikuonekana tena.

Ahadi yangu kwa mzee naitimiza. Siku za soko nikifika Bwera naacha gari barabarani na kuingia uani kwa miguu. Gari lake alikwisha kulisahau. Mabati yake yaliuzwa kwa kilo, naye akakaa akiwatazama vijana wanavyopakia. Mimi pia alinisahau, au alinihamisha. Sasa ananiita dada. Mdogo wake wa kike alifariki Butembo angali msichana, binti yake aliniambia, na kwa mzee mimi ndiye yule. Mwanzoni nilimsahihisha. Kisha nikaona inamchosha, nikaacha.

Hukaa tukichambua mchele, na yeye huniuliza mambo ya kwao ili tukumbuke pamoja. Ng'ombe yule alikuwa na pembe moja au mbili? Nasema moja. Anaridhika, pengine angeridhika na jibu lolote. Mwezi uliopita aliuliza mlango wa nyumba yao ya zamani ulikuwa na rangi gani, ule wa nyuma, wa kuelekea mashamba ya kahawa. Sikufikiri. Nilisema kijani, halafu nikasema chini yake kulikuwa na kipande cha bati kilichopigiliwa, kwa sababu ya panya.

"Ndiyo," mzee akasema. "Panya. Kweli."

Binti yake alikuwa mlangoni na ungo mikononi. Aliacha kupepeta.

"Nani alikuambia habari ya bati?" akaniuliza.

Nilimwambia ukweli, kwamba hakuna aliyeniambia, na kwamba kwao Butembo sijawahi kufika. Mzee akaniletea mkononi changarawe aliyoiokota mchelini, akiniomba nimsaidie kuona kama ni jiwe.